Jina la Kituo cha Simu: Enzi Ambayo Namba za New York Zilianza na Herufi

Hoteli Pennsylvania ilisimama Manhattan kwa zaidi ya karne moja, mkabala na stesheni kubwa ya treni. Kwenye karatasi zake za barua namba ya simu iliandikwa hivi: PEnnsylvania 6-5000. Herufi mbili za kwanza ni kubwa, zinazofuata ndogo, kisha tarakimu 5. Anayeiona leo hudhani ni jina la hoteli, na mbele yake namba fupi ya simu. Sivyo. Hiyo ni namba kamili ya tarakimu 7, na neno lile la mwanzo ni sehemu ya namba. Neno hilo ndilo jina la kituo cha simu, na kwa miaka mingi miji mikubwa haikuweza kupiga simu bila majina ya namna hiyo.

Kituo cha simu kwa maana hii si kibanda cha kupigia simu za kulipia. Ni jengo ambamo nyaya zote za eneo fulani huishia. Kila mteja ana jozi yake ya nyaya inayotoka nyumbani au dukani kwake, inapita chini ya barabara na kuingia katika jengo lile. Ili watu wawili wazungumze, sharti nyaya zao ziunganishwe humo ndani, na wakimaliza ziachanishwe. Namba za ndani ya kituo zilikuwa za tarakimu 4, kuanzia 0000 hadi 9999, hivyo kituo kimoja kilibeba namba 10,000 tu. Mji mdogo ulitosheka na kituo kimoja. New York ilihitaji makumi, na vituo vikishakuwa vingi swali la kwanza ni hili: namba 3100, lakini ya kituo gani?

Hapo mwanzoni hata namba hazikuwapo. Kituo cha kwanza cha kibiashara kilifunguliwa New Haven, jimbo la Connecticut, Januari 1878, kikiwa na wateja 21. Ulimtajia opereta jina la mtu unayemtaka, naye alijua tundu lake kwenye swichibodi, yaani ubao wa matundu ambako opereta alichomeka waya ili kuunganisha simu. Namba zililetwa na hofu ya surua. Mwaka 1879, katika mji wa Lowell huko Massachusetts, daktari Moses Greeley Parker alichelea kwamba maradhi hayo yangewalaza opereta wote kwa wakati mmoja, na watakaoshika nafasi zao wasingejua nani yuko tundu gani. Akashauri kila mteja apewe namba. Katika miaka hiyohiyo New York ilikuwa na kituo chake barabara ya Nassau, kusini mwa Manhattan. Vingine vilipojengwa viliitwa kwa barabara au mitaa yake: Cortlandt, Spring, Gramercy, Murray Hill, Harlem.

Inafaa kuona simu moja ilivyopita enzi ya swichibodi, kwa sababu ndipo maana ya jina inapojitokeza. Mteja wa Gramercy ananyanyua mkono wa simu, taa ndogo inawaka mbele ya opereta wa Gramercy. Opereta anauliza namba. Mteja anasema, "Spring 3100." Opereta huyu hana tundu la 3100 la Spring, alichonacho ni laini kadhaa zinazokwenda kwenye jengo la Spring. Kwa hiyo anazungumza na opereta wa pili, aliyekaa Spring, na kumtajia tarakimu 4 tu. Yule wa pili anamwambia laini ipi iko wazi, anachomeka waya wake kwenye tundu la 3100, kengele inalia upande wa pili. Wote wawili kwa kawaida walikuwa wanawake. Kazi hiyo walianza kupewa tangu Emma Nutt alipoajiriwa Boston mwaka 1878. Jina lilimwambia opereta wa kwanza jengo lipi. Namba ilimwambia wa pili tundu lipi. Hakuna herufi iliyokuwa pambo.

Kwa sababu jina lilisafiri kwa sauti kupitia waya wenye mikwaruzo, lilipaswa kuwa neno ambalo sikio halilichanganyi na jingine. Tarakimu 7 zilizotamkwa mfululizo huchanganyika kirahisi. "Murray Hill" haichanganyiki na "Gramercy" hata kama nusu ya sauti imepotea njiani. Kwa hiyo siyaoni majina haya kama mapambo ya watu wa kale. Yalikuwa ufundi mzuri, uliotokana na kuelewa jinsi binadamu anavyosikia.

Kisha ikaja mashine. Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi huko Kansas City, alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba alichochewa na shaka kuwa wateja wake walikuwa wakipelekwa kwa mshindani. Miji midogo iliupokea mtambo wa namna hiyo mapema, lakini kampuni ya Bell, iliyoshika simu za miji mikubwa, ilisita kwa miaka mingi. Hesabu yake haikuwa ya kipuuzi. New York ilikuwa na vituo vingi vya mikono, visingeweza kubadilishwa vyote kwa usiku mmoja, na kitabu cha simu, vibao vya maduka na vichwa vya watu vilikuwa vimejaa majina. Mashine haisikii neno "Spring". Na wahandisi hawakuamini kwamba mtu wa kawaida angekumbuka namba tupu ndefu kiasi hicho na kuizungusha bila kukosea.

Jawabu lilitoka kwa W. G. Blauvelt wa AT&T, kampuni mama ya Bell, mwaka 1917, nalo ni jepesi mno kwa ukubwa wa tatizo lililotatua: andika herufi kwenye kisahani cha kuzungusha namba. ABC zikae tundu la 2, DEF 3, GHI 4, JKL 5, MNO 6, PRS 7, TUV 8, WXY 9. Q na Z ziliachwa nje. Tundu la 1 halikupewa herufi, kwa sababu mtikisiko mdogo wa kitako cha simu uliweza kutuma mpigo mmoja wa umeme kwa bahati mbaya, na mtambo ukadhani umepigiwa 1. Tundu la 0 lilitengwa kwa ajili ya kumwita opereta. Mteja anaendelea kusoma jina kwenye kitabu kama zamani, ila sasa anazungusha herufi 3 za mwanzo halafu tarakimu 4. Kwa macho yake ni neno. Kwa mtambo ni tarakimu 7.

Ndizo herufi zilezile zilizokuja kukaa kwenye vitufe vya kitochi. Q ilirudishwa kwenye 7 na Z kwenye 9, ndiyo maana kuandika S kwenye ujumbe kulitaka ubonyeze 7 mara nne. Mpangilio ambao vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi waliuzoea hadi wakaweza kuandika bila kutazama ulitokana na haja ya kupiga simu kwa majina ya mitaa ya Marekani.

Oktoba 1922 kituo cha PENnsylvania kilifunguliwa Manhattan, cha kwanza cha kuzungusha katika mji huo. Mtambo wake haukufuata kila tarakimu papo hapo kama wa Strowger. Uliipokea namba nzima, ukaihifadhi, ukatafsiri herufi 3 za kwanza ili kujua njia ya kufika kituo kinachotakiwa, ndipo ukaanza kuunganisha. Na kama kituo hicho kilikuwa bado cha mikono? Mteja alizungusha vilevile. Mwisho wa safari, tarakimu 4 ziliwaka kwa taa mbele ya opereta wa kituo kile, naye akachomeka waya. Mteja hakuhitaji kujua upande wa pili kuna mtambo au kuna mtu.

Hapo ndipo kiini cha dhana hii kilipo, kwa maoni yangu. Jina la kituo liliwezesha mji wa mamilioni ya watu kuhama kutoka mikononi mwa opereta kwenda kwenye mitambo, jengo baada ya jengo, kwa miongo kadhaa, bila wateja kujifunza namba mpya. Binadamu alilisikia kama neno, mtambo ukalisoma kama tarakimu, na kila mmoja akaridhika.

Lakini lilikuwa na masharti yake. Majina mawili yakitofautiana kwa sikio yanaweza kuwa kitu kimoja kwa mtambo. Ukiwa na HARlem, mji huohuo hauwezi kuwa na kituo kiitwacho GARden, kwa kuwa H na G ziko tundu moja, na zote mbili zinasomeka 427. Halafu kuna tarakimu zisizo na irabu: 5 ina J, K na L, 7 ina P, R na S, 9 ina W, X na Y. Jina la kuanza na 75 lilipatikana, PLaza. La 77 likapatikana, SPring. Kwa 95 ungehitaji neno la kuanza na W, X au Y likifuatwa na J, K au L, na Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Kwa 55 lililofaa ni KLondike, jina la eneo la dhahabu kule Yukon, Kanada, ambalo halikuhusiana na mtaa wowote. Kwa kuwa 55 haikutumika sana, watengeneza filamu waliichukua kwa namba za uongo: KLondike 5, yaani 555. Ndiyo hiyo 555 inayotajwa mpaka leo mara nyingi mhusika wa filamu ya Kimarekani anapotoa namba yake.

Desemba 1930 New York ilifanya badiliko dogo lililopanua nafasi. Herufi 3 zikawa 2, na herufi ya tatu ikageuzwa tarakimu. Tazama lilivyofanyika kwa upole: PENnsylvania 5000 ikawa PEnnsylvania 6-5000. N iko tundu la 6. SPRing 3100 ikawa SPring 7-3100. R iko tundu la 7. Vidole viliendelea kuingia matundu yaleyale, 736 na 777. Kilichobadilika ni maandishi tu. Faida yake ni kwamba jina moja sasa liliweza kubeba vituo vingi. Murray Hill ikawa MUrray Hill 2, 3, 4 na kuendelea, bila kuhangaika kusaka neno jipya kila mara. Na ile namba ya hoteli, ikiandikwa 736-5000, iliendelea kufanya kazi hadi hoteli ilipofungwa mwaka 2020.

Taratibu majina yalilegea kutoka kwenye ardhi. TRafalgar ilihudumia upande wa magharibi wa Central Park, na hakuna Trafalgar mahali hapo. Hata hivyo watu waliyapokea kama majina ya mitaa yao. Anayetaja BUtterfield 8 au RHinelander 4 alijulikana kuwa anaishi upande wa mashariki wa matajiri. EDgecombe, iliyochukua jina la barabara iliyoko juu ya kilima cha Harlem, ilikutambulisha vingine, katika mji ambao watu Weusi walibanwa kwenye mitaa michache. Namba ya simu ilisema unakoishi kabla hujasema neno, na kwa anayetafuta kazi au nyumba hilo halikuwa jambo dogo. Wanaoyakumbuka majina hayo kwa mapenzi matupu wasiusahau upande huu. Polisi wa New York nao walikuwa na namba ya kujivunia: jarida lao, lililoanza mwaka 1930, waliliita Spring 3100, kwa namba ya makao makuu yao ya wakati huo.

London ilikuwa na majina yake. Kituo chake cha kwanza cha mtambo wa aina hii kilikuwa HOLborn, mwaka 1927, na namba iliyojulikana kuliko zote ni WHItehall 1212 ya polisi wa Scotland Yard. London ilibaki na herufi 3 hadi mwisho. Tofauti moja ya kukumbuka ni kwamba Waingereza waliiweka O kwenye tundu la 0, si kwenye 6. HOLborn kwa London ni 405. Kwa kisahani cha New York ingekuwa 465. Kwa muda mrefu halikumsumbua mtu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzungusha namba ya London akiwa New York.

Umbali ndio ulioyamaliza majina. Mwaka 1947 Marekani na Kanada ziligawanywa katika maeneo yenye misimbo ya tarakimu 3. New York ilipewa 212, inayozunguka haraka kwa sababu ina mipigo 5 tu. Novemba 1951 meya wa Englewood, New Jersey, alimpigia mwenzake wa Alameda, California, bila kumpitia opereta. Taratibu, katika miaka iliyofuata, mtu aliyeko pwani nyingine ya bara aliweza kuzungusha namba ya Manhattan mwenyewe, na yeye hajui kwamba RHinelander ina H baada ya R. Asiyezoea majina hayo ataiona O akaizungusha kama 0, au I akaizungusha kama 1. Nchi za Ulaya zilikuwa na mipangilio yao ya herufi, na mwaka 1963 wakazi wa London walipoanza kupiga Paris moja kwa moja, herufi zilikuwa kikwazo mchana kweupe. Juu ya hayo, namba za kuanza na 95 na jamaa zake zilikaa bure kwa kukosa jina, huku simu zikiongezeka kila mwaka.

Mji wa Wichita Falls, Texas, ulianza kutumia tarakimu tupu mwaka 1958, na miji mingine ikafuata. Upinzani ulikuwa mkali kuliko Bell ilivyotarajia. San Francisco mwaka 1962 kilizuka chama cha kupinga namba tupu, na miongoni mwa watu wake alikuwamo S. I. Hayakawa, mtaalamu wa maana za maneno ambaye baadaye alikuwa seneta. Hoja yao ilikuwa na pande mbili. Moja, namba tupu hazikumbukiki. Nyingine, kampuni inamgeuza mtu kuwa tarakimu bila kumuuliza.

Kwenye hoja ya kwanza walishindwa. John Karlin, mwanasaikolojia mzaliwa wa Johannesburg aliyefanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya Bell, alichunguza jinsi watu wanavyokumbuka na kupiga namba, akaona wanaimudu tarakimu tupu. Kwenye hoja ya pili nadhani walikuwa na haki. Bell iliwaeleza wateja uwezo wa mitambo na wingi wa namba, mambo ya kweli, lakini haikukiri kwamba kuna kitu wanachonyang'anywa. Mtu aliyekuwa na CHelsea au GRamercy kwa miaka 30 aliambiwa kwamba halikuwa na maana yoyote, wakati yeye alijua lilikuwa na maana. London ilianza kuacha herufi mwaka 1966. New York ilikwenda polepole, na majina yaliendelea kuonekana katika vitabu vyake vya simu hadi miaka ya 1970.

Wakati huohuo majengo yenyewe yalibaki palepale. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 27 Februari 1975, moto ulizuka katika jengo la simu la Second Avenue na barabara ya 13, Manhattan. Nyaya zilizovikwa plastiki ziliungua kwa saa nyingi, na zimamoto wengi waliuvuta moshi wake wa sumu. Simu zipatazo 170,000 zilinyamaza, katika eneo la vitalu karibu 300 vya mji. Hospitali, vituo vya polisi, maduka na nyumba vilikatika kwa pamoja, na ilichukua kama wiki 3 kuzirudisha. Watu waliokwisha kuzoea tarakimu tupu waliona kwa ghafla kwamba namba zao zote zilikuwa zinaishi katika jengo moja.

Leo uhusiano huo umekatika. Namba ya simu ya mkononi haifungwi kwenye jengo la mtaa, na Marekani mteja anaweza kuhama kampuni akaondoka na namba yake. Hata hivyo dhana hii bado ina kazi kwa yeyote anayeshughulika na picha, barua au matangazo ya zamani yasiyo na tarehe. Ukiona tangazo la New York lenye herufi 3 kubwa na tarakimu 4, ni la kabla ya mwaka 1931. Herufi 2 na tarakimu 5 ni la baada ya hapo. Ikitangulia 212, ni la baada ya 1947. Kuijua namba yenyewe, fuata herufi kwenye vitufe vya simu yako: TRafalgar 7 ni 877, BUtterfield 8 ni 288, PLaza 3 ni 753. Kama karatasi ni ya London, soma herufi 3, na kila penye O weka 0.